Ngemi Tano na Simu Ambayo Ingekuwa Yangu

Jumatano, mwezi wa saba, 1984.

Baridi tupu. Ukungu umekaa juu ya Mukurweini tangu asubuhi, na mimi naandika nikiwa na shali mabegani. Lakini si baridi inayoninyima usingizi.

Ni wivu.

Wacha niseme ukweli, hapa hakuna anayenisikia. Tangu jirani yangu Mama Muthoni awekewe simu, sijapita kwa boma yake bila kuinua macho kuangalia ule waya. Mimi ndiye nilijaza fomu kwanza. Risiti yangu iko ndani ya Biblia, imekunjwa mara nne. Yeye alijaza mwaka uliofuata, na ni mimi nilimwonyesha mahali pa kutia sahihi! Mafundi walikuja, wakachimba shimo la nguzo kando ya ua wangu, nikawapikia chai. Kesho yake wakahamia kwake. Shimo wakaliacha vile vile. Nimepanda mgomba humo.

Nimeenda ofisi ya simu mara mbili. Karani hakuinua hata kichwa. "Mama, rudi nyumbani, ungoje zamu yako." Nikamwuliza zamu yangu ni ipi. Akasema ati orodha si ya watu kuona.

Sikusoma sana, niliachia darasa la tatu, lakini foleni naijua. Pale tunapopeleka maziwa, tunapanga mikebe alfajiri halafu mtu anaenda kuota moto. Mkebe unakulindia nafasi. Hakuna mtu, hata awe mke wa nani, anayesogeza mkebe wa mwenzake. Sasa mbona karatasi yangu ilisogezwa?

Ningepiga kelele. Lakini msichana wangu Wanjiru ameolewa mbali, Kitale, na simu ya Mama Muthoni ndiyo pekee anayoweza kunipata nayo. Mimba yake ya kwanza ilitoka. Hii ya pili nimeibeba naye kwa roho, kila siku nikiogopa. Nikigombana na mwenye simu, nani ataniita?

Kwa hivyo nimekuwa nikimeza tu.

Leo mchana nilikuwa nikimkatia ng'ombe majani nikasikia ngemi, vile vigelegele vyetu vya kutangaza mtoto, kwa Mama Muthoni. Nikasimama, nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Zingekomea hapo ningejua ni msichana. Nne. Tano. Mvulana! Mke wa kijana wake alikuwa karibu kujifungua, kwa hivyo nikajua amepata mjukuu.

Kwetu ukisikia ngemi unaacha kila kitu, unakimbia, unamjibu kwa ngemi zako.

Sikwenda.

Nilijiambia, amepata simu, sasa na mjukuu pia? Mungu anisamehe. Akapiga tena, tano. Nikainama nikaendelea kukata. Mara ya tatu niliingia jikoni nikafunga mlango.

Jioni, nikimpa ng'ombe yale majani, akaja mwenyewe, matope mpaka magotini, sauti imekauka.

"Mama Wanjiru, masikio uliyaweka wapi leo? Nimekuita kwa ngemi mpaka koo ikauma!"

Nikamjibu kwa mdomo mgumu, "Nilisikia. Hongera kwa mjukuu."

"Mjukuu gani? Wangu bado yuko tumboni! Ni Wanjiru wako! Amepata kijana, wote wazima. Alipiga kutoka hospitali, akasema niite mama, atapiga tena saa nane. Nikakuita, nikakuita, na niko peke yangu, naogopa kutoka simu isije ikalia bila mtu. Saa nane ikalia. Nimwambie nini, ati mama yako amenikasirikia?"

Nikaketi juu ya majani ya ng'ombe. Nililia, nikacheka, nikalia tena.

Halafu akasema jambo ambalo bado linanichoma. Wanjiru aliweka mtoto karibu na simu, mtoto akalia, naye Mama Muthoni akamsikia. "Ana sauti ya kifua kama ya marehemu mzee wako," akaniambia, akinipangusa machozi usoni kwa leso yake. Alisema kwa wema, najua. Lakini sauti ya mjukuu wangu imeingia sikio la mwingine kwanza, na hilo hakuna barua inayoweza kulirudisha.

Wanjiru atapiga kesho saa nne, kabla hajatoka hospitali. Kwao hakuna simu.

Basi nikamwambia kitu nilichoficha mwaka mzima. Nataka kuiandikia ofisi ya simu. "Utasema kwamba nilijaza fomu kabla yako?"

Akaikunja leso, akaikunjua. "Watanikatia simu?"

Kumbe na yeye anaogopa.

"Sitaki wakukatie. Nataka waje kwa shimo langu."

"Njoo kwanza uongee na mtoto wako," akasema. "Hiyo barua ilete tuisome."

Hakusema atatia sahihi. Hakukataa pia.

Wivu haujaisha, sitadanganya karatasi yangu mwenyewe. Lakini kesho saa tatu nitakuwa kwa lango lake, risiti mfukoni, na nitapiga ngemi zangu tano hata kama zimechelewa. Nikirudi nitaung'oa ule mgomba. Wakileta nguzo, wasije wakasema hapakuwa na mahali pa kuisimamisha.