Ng'ombe Nusu wa Pale Silibwet

Baba,

Nimekaa juu ya ngazi yako. Imelazwa hapa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na mimi nina rangi mpaka kwenye nyusi. Kesho asubuhi narudi Nairobi, chuoni. Ndiyo, narudi. Najua umeshasikia maneno mengine, maana ndugu yako akiongea hata nyinyi mlio chini mnasikia, kwa hivyo nimeona afadhali nikueleze mwenyewe kabla hujaletewa umbea.

Nianze na ng'ombe wako.

Ulituacha wakati wa mvua, na kazi yako ya mwisho ikabaki juu ya mlango wa bucha ya Karanja, chini tu ya mabati. Ulikuwa umepaka kichwa, pembe, jicho, kifua na ile nundu. Ulikataa kabisa kuchora ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa, ulisema gredi hana sura. Sehemu ya nyuma uliichora kwa makaa tu, ungoje ile ya mbele ikauke. Miguu hukuwa umeweka hata mmoja. Wewe na miguu! "Macho kwanza, miguu mwisho," ulikuwa ukisema. "Ukimpa miguu mapema atatoka aende zake, na wewe hujamaliza." Halafu kifua chako kikakubana, ukashuka ngazi, ukasema unapumzika kidogo. Kidogo gani hiyo, Baba?

Basi Silibwet nzima ikabaki na nusu ng'ombe anayeelea hewani. Watu ni watu. Mteja akija kununua nyama, kabla ya kusema anataka nini, anauliza, "Karanja, ile nusu ya nyuma umeuzia nani?" Mwingine anasema, "Nipimie mguu, kama unao." Wewe ungecheka mpaka ukohoe. Mimi nilicheka mara ya kwanza. Mara ya pili nilikwenda kulia nyuma ya choo cha soko, na nikakasirika zaidi kwa sababu nimelia mahali kama pale.

Na kila alasiri mvua ikinyesha, yale makaa yalikuwa yanafutika kidogo. Kwanza mkia ulipotea. Halafu mgongo. Nilikuwa nikija likizo nasimama barabarani kutafuta mstari wako ukutani, na kila nikija umepungua.

Sasa ndugu yako. Baba mdogo Kiprono hakungoja hata viti vya kanisa virudishwe. Watu bado wanakunywa chai ya mazishi, yeye ameshamvuta Mama kando, anamwambia mambo yangu ya kuchorachora yaishe sasa, mwenye kuyataka ameenda. Niende nisomee ualimu, au nikae nyumbani nimsaidie Mama kuchuma majani ya chai mpaka nipate mtu wa kunioa. Eti kupaka ukuta si kazi ya msichana. Eti siku hizi kompyuta inaandika herufi yenyewe. Ni kweli chuo chetu cha uchoraji kimeletewa kompyuta. Iko moja, inafunikwa kitambaa kama meza ya askofu, na tunapanga foleni kuigusa. Lakini sijawahi kuiona ikipanda ngazi.

Mama aliendelea kukusanya vikombe. Mimi nikadhani amekubali, na kwa miezi hiyo yote nimekuwa nikisoma nikijua kwamba likizo yoyote naweza kufika nyumbani niambiwe basi, imetosha, fungua sanduku. Majani ya Mama ndiyo yananisomesha. Mama akisema hapana, ni hapana.

Wakati tunafunga chuo, mwalimu wetu wa rangi, mama mmoja mkali asiyependa mchezo, alitupa kazi ya likizo. Kila mtu alete rangi moja ya kwao. Siyo ya kununua kwa chupa, siyo ya kukata kwenye gazeti la ng'ambo. Alitaka rangi tuliyoizoea mpaka hatuioni tena, na tumwambie ni ya nini. Wenzangu wa mjini walilalamika, ati kwao hakuna rangi, kuna moshi. Mimi nilikuwa nakufikiria wewe.

Kwani si hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tukifanya, mimi na wewe, tangu nikiwa shule ya msingi? Nakumbuka tukienda Kiptere kupaka ukuta wa nasari, mimi nyuma na makopo, wewe mbele na burashi kwenye mfuko wa koti. Tungefika mapema kama hukuwa unasimama kila mahali. Ulisimama kwa ajili ya ngozi iliyowambwa juani. Ulisimama kwa ajili ya kutu ya paa la mtu, mpaka mwenye nyumba akatoka kutuuliza kuna nini. "Naangalia mabati yako," ukamwambia, "yameiva vizuri." Ai, ile aibu niliyoiona! Na siku ile ulinisimamisha kando ya shamba letu wenyewe nimtazame Mama. Alikuwa amelaza ile fimbo yake nyembamba juu ya mchai, kinachopita juu ya fimbo anachuma, kilicho chini anakiacha. "Unaona?" ukaniambia. "Hata mimi sifanyi kingine." Kesho yake ulipovuta ule uzi wako wenye chaki ukutani, ukauachilia, ukaacha mstari mweupe umenyooka, nikaelewa ulikuwa unasema nini.

Lakini tuambiane ukweli, maana sasa huwezi kunikatiza. Hayo yote ulinifundisha nikiwa chini. Nilikoroga rangi, niliosha burashi, nilishika ngazi mpaka mikono ikafa ganzi. Kupanda, hapana. "Shika ngazi, Chepkoech." Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba, najua, na ngazi ikiegemezwa kwenye mabati watu wanahesabu umepanda. Ulikuwa ukiogopa maneno ya watu, wewe ambaye hukuogopa kitu kingine. Nilikukasirikia kwa hilo ukiwa hai na nimekukasirikia hata baada ya kukuzika. Nimesema. Imetoka.

Sasa sikiliza. Juzi nilipita kwa Karanja kumsalimia. Mzee wa watu akashindwa kunitazama usoni. Akasema biashara imekuwa kichekesho, amevumilia kwa ajili yako kwa sababu mlikuwa marafiki, lakini ameita fundi wa kutoka Kericho. Siku ya soko fundi anakuja na rangi nyeupe, anafuta ukuta wote, anaandika jina la bucha tu, bila mnyama. Nikamwambia nitamaliza mimi. Akacheka, halafu akaona sicheki. "Wewe msichana, baba yako mdogo ataniua," akasema. Nikamwambia hatamuua, ataniua mimi, na mimi nitakuwa juu hatanifikia.

Leo, siku yenyewe ya soko, niliamka, nikavaa lile ovaroli lako la bluu. Linanikaa vibaya, nimelikunja mikono na miguu. Nikaitoa ngazi, nikaiweka begani. Nilipopita njia ya katikati ya michai, wachumaji waliinua vichwa mstari kwa mstari, na zile aproni zao za plastiki. Nilipowapa mgongo, wakasema vyote kwa pamoja. Wacha waseme, nikajiambia.

Fundi wa Kericho alikuwa ameshafika na ndoo yake. Sikumwuliza kitu. Niliegemeza ngazi, nikapanda.

Baba, huko juu ni kuzuri hivyo na hukuniambia? Mtu anaona soko lote, na barabara, na chai mpaka kule mlimani. Nilikaa kidogo natazama tu. Halafu nikaona jicho la ng'ombe wako kwa karibu, lile doa dogo jeupe uliloweka kwenye mboni ili awe hai, na alama ya kidole chako pale ulipofuta tone. Kidole kizima, na mistari yake. Hapo nililia, nasema wazi, nililia mbele ya soko zima, na sikujificha nyuma ya choo.

Chini kulikuwa kumejaa. Fundi wa Kericho alikuwa amegeuza ndoo yake na kuikalia, anangoja kuona. Na Baba mdogo alikuwa amefika. "Shuka," akaita. "Chepkoech, shuka chini! Mwaka haujaisha tangu tumzike baba yako, na wewe uko juu ya nyumba ya watu!" Nikamwambia nitashuka nikimaliza. Akaishika ngazi. Sijui alitaka kuitikisa au kunitisha tu. Ila mara nikasikia imetulia, nikatazama chini, nikamwona Mama.

Alikuwa ametoka kituo cha kupimia majani moja kwa moja, kikapu kitupu bado mgongoni. Alikuwa ameweka mikono yake miwili kwenye ngazi, huku na huku, na mguu mmoja kwenye kipandio cha chini, vile vile ulivyonifundisha mimi. Akamwambia shemeji yake, kwa upole kabisa, "Sogea kidogo, rangi inadondoka." Hilo tu. Baba mdogo akasogea. Na mimi nikajua jibu ambalo Mama hakulitoa siku ya mazishi.

Sasa shida ikawa rangi. Hudhurungi yako siijui, Baba. Ulikuwa ukiichanganya kwa jicho, unajaribu nyuma ya mkono wako, unaongeza hiki, unapunguza kile, na hukuwahi kuniambia ni nini na nini. Nilichanganya kwenye kopo, ikatoka kama matope. Nikaongeza nyekundu, ikawa tofali. Watu wakaanza kucheka tena chini, na jasho likanitoka. Nikatazama chini kwa Mama, nimwombe tu kitambaa nijifute.

Nikaona vidole vyake kwenye mbao za ngazi.

Unavijua. Utomvu wa majani umeviingia mpaka kwenye kucha, miaka hiyo yote, hautoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Kanisani huwa anavificha ndani ya leso. Nimekula kutoka kwenye vidole hivyo tangu nizaliwe na sikuwahi kuona kwamba vina rangi: nyeusi kwenye kucha, halafu inafunguka taratibu kuwa kahawia ya joto, na kwenye mikunjo kuna wekundu kidogo. Nikamwambia, "Mama, usitoe mkono hapo." Nikachanganya nikivitazama. Nikajaribu nyuma ya mkono wangu. Nikaongeza, nikapunguza. Ilipofika, nilijua imefika.

Haifanani na yako. Mtu yeyote akisimama barabarani anaona mahali wewe ulipoachia na mimi nilipoanzia, mstari unashuka ubavuni kabisa. Fundi wa Kericho alinishauri niupitishie burashi yenye maji nichanganye. Nikamwambia asante, lakini utabaki. Mbele ni kwako, nyuma ni kwangu na Mama. Na hiyo kahawia ndiyo nimepaka kwenye kipande cha manila nimpelekee mwalimu, na nimeandika chini yake ni ya nini. Akitaka anipe sifuri. Nitaibandika juu ya kitanda changu pamoja na sifuri yake.

Nikampa ng'ombe mgongo, makalio, na mkia mrefu wa kujifukuzia nzi, maana pale bucha kuna kazi. Nikampa miguu yote minne. Nikaweka kwato nyeusi, mbele mbili, nyuma moja.

Hapo nikasimamisha mkono.

"Bado moja," Karanja akaita kutoka mlangoni. Nikamwambia najua. "Si umalizie?" Baba mdogo alikuwa hajaondoka, ingawa alijifanya anatazama viazi vya mtu. Nikasema kwa sauti, ili nisilazimike kurudia: hiyo kwato nitaiweka siku nikimaliza chuo. Siyo kabla. Nikiachishwa, itabaki hivyo, na kila atakayekuja kununua nyama atauliza kwa nini, na Karanja atamwambia ni kwa nini na ni kwa sababu ya nani. Nikafunga kopo, nikashuka.

Mama alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke. Karanja alishika kichwa, akasema sasa wataanza kumwuliza kama nyama yake inachechemea. Na kweli, kabla sijafunga burashi kwenye gazeti, mtu alishamwuliza.

Kwa hivyo ndivyo ilivyo, Baba. Ndugu yako atapita chini ya mguu huo kila siku ya soko. Mvua ikiharibu upande wako nitakuja likizo nikupake upya, isipokuwa jicho na ile alama ya kidole, hivyo sitavigusa. Nakuahidi nitasoma. Nakuahidi nitasimama kutazama mabati ya watu, hata Nairobi, hata wakiniona mwendawazimu. Na nikipata msichana wa kunishikia makopo, nitampandisha juu siku ya kwanza.

Saisere, kwaheri, Baba. Lala vizuri, lakini usiende mbali. Wewe mwenyewe ulisema ng'ombe akipata miguu anaondoka, na huyu bado amepungukiwa. Ningojeeni hapo hapo, wewe na yeye, mpaka nije na kopo la rangi nyeusi.

Ngazi nitaipanda mwenyewe.

Binti yako,
Chepkoech