Hukuwashinda Wale Maprofesa

Mwakio mwanangu,

Ni mimi, mama yako. Nimekaa kitandani kwangu hapa Doha, mtaani Fereej Bin Mahmoud, wenzangu wawili wa chumba wametoka kwenda kununua mboga, nami nimewaambia wasiharakishe. Nina jambo la kukuambia na nalionea haya, kwa hiyo nivumilie nikizunguka kidogo kabla ya kulifikia.

Nimekusemea uongo, baba. Haukuanza kama uongo. Ulianza kama maringo, na mimi kwa maringo unanijua. Ulipokuwa wa nne darasani niliwaambia majirani kwamba wale watatu wa mbele walikuwa wamerudia darasa. Ulipopata kazi ya kompyuta hapa Doha, niliwaambia wanawake ninaofanya nao kazi kule kwenye shule ya chekechea kwamba ofisi yenu haifunguki asubuhi mpaka wewe ufike. Ukaniambia, "Mama, punguza chumvi." Nikakujibu chakula kisicho na chumvi ni cha wagonjwa. Ukacheka, ndiyo maana sikuacha. Ungekasirika hata mara moja labda ningejifunza.

Tulikupeleka nyumbani Wundanyi tukakulaza karibu na babu yako, pale ambapo ukungu ukishuka asubuhi hata kaburi halionekani. Mshipa ule wa kichwani ulipasuka ukakuchukua upesi, daktari akatuambia pole tu. Likizo ilipoisha nikarudi huku. Nilidhani nitarudi Doha ileile, kumbe wewe ndiwe uliyekuwa Doha yangu. Alhamisi, siku yako ya kuja kula kwangu, ikifika bado najikuta nachambua mchele wa watu wawili.

Sasa nije kwenye wasifu wako wa mazishi. Nani mwingine angeuandika? Baba yako hayupo, dada yako alikuwa analia tu. Nikachukua kalamu, na darasa langu la nane. Nikaandika ulikozaliwa, shule, kazi, halafu nikafika kwenye yale masomo yako ya shahada ya pili, yale uliyokuwa unasoma kwa mtandao baada ya kazi. Hapo kalamu ikasimama. Niandike nini? Nilikuwa nimewatangazia watu wote kwamba mwanangu anasomea mambo makubwa ya dini, lakini mambo yenyewe nikiulizwa nasema tu, "Ni ya juu sana." Basi nikaandika hivi: *aliwashinda maprofesa wa Kijerumani walioikana Injili.*

Maprofesa wenyewe, mwanangu, ulishaniambia walikuwa watu wa karne ya kumi na tisa. Walikuwa wamekufa kabla babu yako hajazaliwa. Uliwashindaje watu walio makaburini? Hakuna aliyeuliza. Nyumbani uliposomwa watu walisema amina, na tulipokufanyia ibada ya kumbukumbu huku katika ushirika wetu, nikausoma mwenyewe, wakasema amina kwa sauti kubwa zaidi. Nami nikanyanyua kidevu. Siku ya kumbukumbu yako, nikanyanyua kidevu.

Na wewe ulikuwa umenieleza. Hilo ndilo linaloniuma. Ulinieleza kwa lugha ya nyumbani kabisa, nami nilikuwa naelewa, nikajifanya sielewi ili nisiwajibike. Uliniambia, "Mama, unakumbuka babu alipokufa?" Nakumbuka. Nyumba ya juu, ya bibi mkubwa, walisema babu alikuwa mtu wa sheria, hapokei kitu bila kunawa, mgeni hali kwake mpaka afuate desturi. Nyumba ya chini, ya bibi mdogo, walisema babu alikuwa na mkono wazi, kila mpita njia alikuwa mwanawe. Wakanuniana matanga yote. Halafu baba yako mdogo akasimama kaburini akasoma wasifu ambao ndani yake babu alikuwa mtu wa sheria na mkono wazi pia, na hao wake wawili hawakuwahi kutupiana neno baya. Watu wa nyumba zote mbili wakala sufuria moja siku hiyo.

Ukaniuliza, "Je, baba mdogo alidanganya?" Nikakwambia hapana, alitaka watu wapate kula pamoja. Ukaniambia basi, kulikuwa na profesa Mjerumani aliyesema kanisa la kwanza lilikuwa hivyohivyo. Nyumba ya Petro ilishika torati, nyumba ya Paulo iliwafungulia mataifa mlango, zikagombana kweli. Kitabu cha Matendo ya Mitume, alisema, kiliandikwa baadaye sana na mtu aliyetaka nyumba hizo mbili zipate kula sufuria moja. Na mwenzake mwingine alikwenda mbali zaidi, akasema habari nyingi za Bwana zilifumwa na watu waliompenda, baada ya yeye kuondoka.

Nikashika kifua. Nikakwambia, "Shetani mkubwa huyo." Ukasema, "Ngoja, Mama, hujamsikia Mwingereza." Kulikuwa na askofu wa Kiingereza ambaye hakuwatukana hao Wajerumani. Alikaa chini akasoma barua za kale za wazee wa kanisa, moja baada ya nyingine, miaka na miaka, akawaonyesha kwamba mahali fulani walikosea, vitabu havikuchelewa kuandikwa vile walivyodhani. Na mahali pengine, ukasema, swali lao lilibaki limesimama, na mpaka leo limesimama. Nikakuuliza wewe uko upande wa nani. Ukaniambia, "Sikwenda kumshinda mtu. Nimekwenda kuwasikiliza wakibishana."

Maneno hayo nilikuwa nayo. Niliyaacha, nikaandika yangu.

Unakumbuka siku ya semina yako? Ulikuja kuifanyia hapa kwangu kwa sababu vijana uliokuwa unakaa nao walikuwa wanatazama mpira. Ukaweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi. Nikaingia na chai, nikainama mbele ya kamera nikawaambia wale watu, "Bwana asifiwe, huyu ni wangu." Ukafunika uso kwa mkono. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye sweta, alikuwa akizungumza kutoka Ujerumani kweli, akacheka vizuri tu. Baadaye akakuuliza swali refu, ukamjibu, "Sijui, itabidi nisome zaidi." Walipoondoka nilikugombeza. Mtu hasemi sijui mbele ya Wazungu, nilisema, wanakudharau. Ukanywa chai yako. Ukasema hilo ndilo lililokuwa jibu bora ulilotoa siku hiyo. Nilidhani unajitetea.

Sasa sikia mbegu ile ilivyoota. Mwezi uliopita nilialikwa Al Wakrah, mji wa jirani, kwa mama mmoja wa Kitale aliyejifungua. Tumekaa na chapati zetu, mwanamke mmoja nisiyemjua akaanza kusimulia. "Kuna kijana wa kwetu, Mkenya, alikwenda Ujerumani akasimama mbele ya maprofesa wasioamini. Akafungua Biblia, mstari mmoja tu, wote wakanyamaza kimya. Mzee wao mmoja akavua sweta, akapiga magoti, akaokoka palepale."

Sweta, Mwakio. Hata sweta ilikuwemo. Ni mimi niliyeitaja sweta, siku niliyokuwa nawasimulia akina mama wa maombi.

Pale ndipo pa kusema hapana. Nilikuwa na chapati mdomoni, nikaimeza, nikasema, "Huyo ni mwanangu." Wakaja wakanishika mikono, mwingine analia. Mama wa Kitale akanipa mtoto nimbariki. Na mimi badala ya kunyamaza nikaongeza, "Na siku hiyo alikuwa na homa." Homa gani? Ilitoka wapi? Sijui, ilikuja tu, na ilipokuja ilikuwa tamu. Kwa dakika ile ulikuwa hai zaidi kuliko ulivyokuwa wiki nzima. Nisamehe kwa kusema hivyo.

Halafu akaja Nekesa. Unamjua kuliko mimi, yule muuguzi mdogo wa Bungoma, mpole, anayeuliza maswali mpaka mchungaji anaangalia saa. Alikuja Jumamosi na mandazi, akakaa pale mlangoni penye viatu kana kwamba hajakaribishwa. Akasema, "Mama Mwakio, naomba nikuulize. Mimi nilimwambia kaka Mwakio kwamba naona shaka nyingi nikisoma. Akaniambia kuuliza si dhambi, na hao wasomi si maadui, hata yeye kuna maswali yao hajayajibu. Sasa kanisani mnasema aliwanyamazisha wenye shaka. Mimi ni mmoja wao. Alikuwa ananidanganya?"

Nilikuwa na jibu mkononi, jibu lako mwenyewe. Nikamtazama mtoto wa watu usoni nikamwambia, "Labda hukumwelewa. Mwakio alikuwa na lugha ya juu."

Akasema, "Sawa, Mama." Akavaa viatu. Mandazi akayaacha. Ijumaa iliyofuata hakuja ibadani, na iliyofuata, na wenzake wakasema ameomba zamu za Ijumaa makusudi. Unajua huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Mtu akiomba zamu ya Ijumaa ameshasema.

Na mchungaji, ambaye hana kosa, kwa kuwa alisikia kutoka kwa mama mzazi, akanipigia simu kwa furaha. Wanataka kukiita kikundi cha vijana kwa jina lako. Kitambaa kimeshachapishwa, kitatundikwa mbele: jina lako, na chini yake, *Aliyewanyamazisha Wenye Shaka.* Akaniomba nije nitoe ushuhuda. Nikamjibu, "Nitakuja, mchungaji," nikakata simu, nikajisikia kama mtu aliyeitwa kuapa juu ya kitu cha wizi.

Nilikuwa kazini, nawaosha watoto mikono kabla ya kula, ndipo ikanijia. Yule Mjerumani wako, yule aliyesema habari hufumwa na wanaompenda aliyeondoka. Niliyemwita shetani. Mwanangu, ni mimi aliyekuwa ananisema. Hata mwaka haujaisha tangu uende, nimeshakupeleka Ujerumani, nimekupa homa, nimemwokoa mzee wa watu. Na sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa sababu nakupenda, na watu walihitaji kijana wa namna hiyo, na mimi pia. Je, hiyo ina maana hukuwepo? Ulikuwepo. Nilikuzaa, nilikuogesha. Ndiyo maana nadhani sasa naelewa kwa nini ulitaka kuwasikiliza wote wawili, yule anayesema hadithi hukua na yule anayerudi kwenye barua za kale kutafuta mtu mwenyewe. Nimeelewa nikiwa nimechelewa, na mikono yangu imejaa sabuni ya watoto.

Jana nilikwenda hosteli ya wauguzi. Nekesa alishuka na sare yake, macho mekundu ya zamu. Nikamwambia palepale kwenye ngazi kwamba alikuelewa vizuri, mimi ndiye niliyesema uongo, na kwamba hukumshinda mtu yeyote wala hukutaka. Nilidhani atanilaumu. Akauliza tu, "Na yeye mwenyewe, Mama, aliamini?"

Miaka yote hiyo ya kujigamba kwa dini yako, sikuwahi kukuuliza. Nililiogopa jibu. Nilikuwa naleta chai, naondoka. Nikamwambia hivyohivyo, "Sikumwuliza, mwanangu, niliogopa." Nadhani sijawahi kuona aibu kama ile mbele ya mtu mdogo kwangu.

Akaniambia, "Mimi nilimwuliza." Akasema ulimjibu kwamba ukisoma vitabu vile unasali kabla ya kuvifungua na unasali baada ya kuvifunga, na sala ya pili huwa fupi, lakini unaisali. Basi. Tukakaa pale kwenye ngazi, wauguzi wanatupita. Nilikuwa nimekwenda kumrudishia kitu, na yeye ndiye aliyenipa.

Kesho ni Ijumaa. Asubuhi hii nimempigia mchungaji nikamweleza yote. Akasema kitambaa kimeshatundikwa na watu wameshaalikwa, labda niseme maneno machache tu ya shukrani, haya mengine tuyazungumze faragha. Nikamwambia uongo sikuusema faragha. Akasema ataniombea. Sijui ataninyima nafasi au atanipa.

Nakuahidi nitasimama. Nisipopewa kipaza sauti nitasimama pale nilipo, unajua sauti yangu. Nitawaambia hukuwahi kwenda Ujerumani, hukunyamazisha mtu, na kwamba sala yako ya pili ilikuwa fupi. Wako watakaoniona mama asiye na shukrani anayemvua mwanawe nguo mbele za watu. Akina mama wa Al Wakrah wataambiana pia, na safari hii sitaongeza kitu. Nekesa amebadilishana zamu. Amesema atakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na hajaniahidi zaidi ya hapo.

Pumzika, mwanangu. Maringo siwezi kukuahidi kuyaacha, ungejua nadanganya tena. Lakini kuanzia kesho nitaringia yule niliyemzaa.

Mama yako