Tiketi Niliyoirudisha

Kaka yangu,

Mimi mzima, ila viatu vimeoza kwa matope ya huku ugenini. Mkuu wangu wa shirika la kuhifadhi ndege aliniagiza niende na polisi kuwanyang'anya wanakijiji nyavu za kunasia korongo. Nilikwenda peke yangu, nikamuuliza mama mmoja mtegaji, "Mama, ndege hawa wamewakosea nini?"

"Wanafukua mbegu zetu. Wewe wa kwanza kuuliza."

Wiki mbili nikashinda naye shambani, tukiwafukuza kwa kupiga madebe, hadi mbegu zikaota. Jana alikunja nyavu mwenyewe, akanionyesha viota vya korongo.

Mkuu amenifuta kazi kwa kutokwenda na polisi, akaniletea tiketi ya kurudi nyumbani. Nimemrudishia. Mama yetu asijue nimefutwa. Akiuliza narudi lini, mwambie sibanduki. Wenyeji wamenipa chumba.

Dadako, kichwa ngumu yuleyule