Mfadhili na Kitasa cha Choo

Wewe! Acha unachofanya. Kile kitasa cha choo ulichotufungia Jumamosi, ukajisifu wee, leo kimemfungia mfadhili ndani. MFADHILI!

Alikuja kukagua nyumba kabla ya kutia saini hati ya msaada. Unawajua wakazi wetu: mahakama iliwaachia kwa kuwa walitenda makosa wakiwa wagonjwa wa akili, hospitali imeshawaruhusu, makwao hawatakiwi. Sasa bwana mkubwa kila chumba swali ni lilelile: "Mlango huu unafungwa kwa nje?" Namjibu hapana, kila mtu ana ufunguo wake. Anaguna, anaandika.

Halafu akaingia chooni.

Dakika ishirini! Anagonga mlango, anapiga kelele, "Nitoeni!"

Aliyekwenda kumfungulia ni yule mkazi wetu seremala, na bisibisi yake. Akachutama mlangoni, sauti ya chini kabisa: "Tulia, mzee wangu. Vuta pumzi. Hata mimi siku za kwanza wodini niligonga hivyohivyo."

Akaacha kugonga. Nakuapia, akaacha!

Kitasa kikang'olewa, mzee katoka jasho linamtiririka, tai iko begani. Seremala akamuuliza kama tunavyoulizana hapa kila asubuhi: "Dawa umeshakunywa leo?"

Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mzee akajibu kwa upole: "Ya presha, bado."

Akaletewa maji, akameza. Kisha akalikata kwa kalamu lile swali la milango kwenye fomu yake, akatia saini.

Kaahidi kurudi Jumamosi tunywe chai. Njoo na wewe, ila seremala anasema bisibisi yako uiache kwako.