Tundu la Moyo Walilofichwa Washenga

Mshauri mpendwa,

Nakuomba msaada nikiwa nimelala, maana nimekatazwa kuinuka. Nimeolewa hapa mjini Marg'ilon, nina miaka ishirini na mitatu, na nilizaliwa na tundu katika ukuta unaotenga vyumba vya juu vya moyo, jambo ambalo washenga hawakuambiwa, kwani mama alisema, "Funga mdomo, mwanangu, nani atamposea mwanawe moyo uliotoboka?" nami nikaufunga hadi leo. Siku kumi na nane zilizopita nilijifungua binti, daktari akaniagiza nitembee na nijidunge sindano kila siku ili damu isigande, lakini mama mkwe anaishika chilla, zile siku arobaini za uzazi, kwa ukali, ananiletea supu ya kondoo kitandani na kunitania, "Lala, mkaza mwana! Ua utalifagia mpaka uzeeke, haraka ya nini?" na kwa kuwa haondoki chumbani, sindano nimezificha chini ya magodoro, siku ya tisa leo sijajidunga, shavu la mguu wa kushoto limevimba na lina joto, na juzi mkono wa kulia ulikufa ganzi nikaangusha bakuli la chai, ulimi ukawa mzito, kisha baada ya dakika chache vyote vikaisha, mama mkwe akasema ni husuda, akanifukiza moshi. Nikisema ukweli watanirudisha kwetu na mtoto watabaki naye. Nifanyeje?

Muattar (si jina lake)

Muattar,

Mkono unakufa ganzi, nawe unatafuta kalamu! Barua yako ilichukua siku mbili kunifikia. Damu iliyoganda mguuni hupanda hadi moyoni. Kwa wengine huishia mapafuni, nako ni hatari tosha, lakini kwako yaweza kupenya tunduni ikaenda ubongoni. Ile ganzi ilikuwa onyo, si husuda.

Sikungoja gazeti lichapwe. Nilipiga namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, akapokea mama mkwe wako, nikamweleza yote. Siri yako nimeitoa mimi. Nilaumu ukiwa hai. Alinifokea: "Tundu la moyo? Nami nimemlaza kama gogo! Mtu mzima mimi, mlitaka niwe muuaji?" Kisha nikamsikia akimwita mumeo, "Ilhom, toa gari! Sasa hivi, usivae viatu!"

Kwa hiyo unasoma haya ukiwa wodini. Usitoke mpaka daktari akuruhusu. Usiruke tena dawa hata siku moja, tembea kadiri utakavyoelekezwa, na uulize iwapo tundu laweza kuzibwa. Mumeo umweleze yaliyobaki kwa kinywa chako, usimwachie mama yako, ambaye aliificha siri yako kwa mapenzi na akakosea.

Jana mama mkwe wako alinipigia tena. Nilidhani anakuja kulalamika kwamba washenga walidanganywa. Aliuliza jambo ambalo wewe, mwenye tundu, hukuliuliza: "Na mjukuu wangu je, moyo wake umepimwa?"

Mpimeni.