Mchanga wa Gisenyi Chini ya Msumari Wako

Mama yetu Kabagwira Astérie
Kigali, Februari 1992

Mwaka umezunguka, mama, tangu ulipoegemea cherehani yako kule Muhima, pini bado ziko mdomoni. Watoto walikuwa wamepanga mstari wanangoja sare za shule. Ulisema tu, "Ngojeni kidogo nipumzishe shingo." Basi.

Tunasema na wewe wazi, maana hukupenda maneno ya kuzungusha. Mteja akinenepa ulimwambia amenenepa, halafu ukamshonea gauni akatoka anatembea kama bibi harusi. Mtoto wa jirani akichana shati ulimshonea bila kuuliza kitu, kisha ukamfukuza: "Haya toka, unanizibia mwanga."

Na ulipenda maji. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ulifunga kibanda, ukapanda taksi ya asubuhi ya kwenda Gisenyi. "Naenda bahari," ulisema. Mzee Gakwaya, mume wako, alikuuliza kila mara, "Bahari ya nani? Ile iko ziwa." Na wewe, "Baki na ziwa lako. Mimi iko na bahari yangu."

Kule plaji, ufukweni, ulikuwa na jiwe lako na rafiki yako, Donatille, Mama Révérien, anayekaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na kuziuza pale pale karibu na maji. Mlikaa mnawacheka wanaume mpaka jua ligeuke. Jioni ulirudi na samaki wale wadogo kwenye jani la mgomba, ukatundika kitenge chako cha buluu kwenye msumari nyuma ya mlango, mchanga ukamwagika chini. Jumapili asubuhi binti yako Liliane alifagia huku ananung'unika. "Mama analeta Kivu yote ndani ya nyumba."

Ulipokufa, vita ilikuwa imefika Ruhengeri na njia ya Gisenyi imefungwa. Tulikuzika Nyamirambo, Liliane mwenyewe akakufunga kile kitenge cha buluu. Tukatangaza redioni kama watu wote wanavyofanya. Jina lako likasomwa, majina yetu yakasomwa, tukadhani kila mtu amesikia.

Mwezi uliofuata, Jumapili, Liliane alikuta mchanga chini ya msumari.

Msumari ulikuwa mtupu, mama. Mchanga ulikuwa mweusi-mweusi, una unyevu. Rwema, kijana wako, akasema ni panya wamechimba. Liliane akamwambia, "Panya gani anachimba sementi?" Mzee akauangalia, akavaa kofia yake ya kanisani. "Fagia," akasema. "Nyamaza."

Alifagia, akanyamaza. Mwezi mwingine ukaja tena. Siku zingine sakafu ilikuwa safi. Baada ya Jumamosi yako tu, kirundo kidogo, pale pale, kama mtu amekung'uta nguo. Liliane akaanza kuamka kabla ya wote siku hiyo ili afagie peke yake. Alituficha, lakini tulimwona. Alikuwa anapiga magoti, anaweka kiganja juu ya ule ubaridi, anakaa hivyo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetembelewa. Lakini aliogopa pia. Alijiuliza wewe unatafuta nini, na kwa nini hupumziki.

Siku moja anachagua mchele akaacha kuchagua. "Mama Révérien," akasema. "Nani alimwambia?"

Rwema akasema redio ilimwambia.

"Redio si mtu. Nani alikwenda?"

Hakuna aliyekwenda. Kwetu kifo kinapelekwa kwa miguu. Unaingia kwa mtu, unakaa chini, unamshika mkono, unasema kwa mdomo wako. Sisi tulisoma majina kwenye redio tukamsahau mtu mmoja, na huyo ndiye uliyempenda kuliko ndugu zako.

Mwezi uliopita, Jumamosi yako, tulikwenda. Njia imefunguliwa, lakini bariyeri ni nyingi sasa, mama. Kila mahali unashuka, unatoa kitambulisho, askari anakiangalia, anakuangalia, unapanda tena. Mwisho tukaona maji.

Mama Révérien alikuwa na karai lake la mafuta. Alimwona Liliane, akafuta mikono. "Ee, umekuwa mwanamke. Afadhali umekuja, niulize wewe. Mama yako nimemkosea nini?"

"Kwa nini, Mama Révérien?"

"Hanisalimu tena. Anakuja, anakaa kwenye jiwe lake, anaangalia maji. Namfungia sambaza, hachukui. Nikisogea karibu namkosa, nafikiri amekwenda hotelini kunywa chai. Mwanamke tuliyecheka naye miaka yote."

Rwema, unamjua, mdomo wake hauna mlango. Akaanza, "Mama Révérien, yule unayemwona..." Liliane akamkanyaga mguu kwa nguvu.

Maana alikuwa ameshaelewa. Alijua anachotakiwa kusema, na alijua kikisemwa kitaondoka na nini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Amevaa nini?"

"Kile kitenge cha buluu. Na kitu kingine sikipendi. Anaingia kwenye maji, akitoka miguu yake mikavu."

"Anaonekana amechoka?"

Mama Révérien alifikiri. "Anaonekana kama mgeni aliyesimama nje ya nyumba, hakuna anayemwambia karibu." Akaonyesha kwa kijiko chake. "Si yule pale? Mwite wewe, labda wewe atakuitikia."

Tuligeuka wote. Tuliona jiwe, mama. Jiwe tu, na mawimbi madogo yanaishia mbali nalo. Lakini juu yake palikuwa na maji, duara moja, upana wa mtu aliyekaa.

Mzee akavua kofia.

Liliane akakaa chini kwenye mchanga, akashika mkono wa Mama Révérien. Yule akauona mkao huo, akaujua. Akaanza kufunika samaki haraka haraka kwa jani. "Usiseme," akasema. "Mimi sikuuliza kitu. Kaeni mle, nitawapa na pilipili."

"Mama Révérien."

"Ukisema, atakuja tena?"

Liliane alitaka kusema ndiyo. Tuliona mdomo wake unatafuta hiyo ndiyo. Akaangalia jiwe kwa muda mrefu, kama unavyomwangalia mtu ambaye taksi yake imeshawashwa. Halafu akasema, "Mama yetu amefariki. Tulimzika Nyamirambo. Ulistahili kuwa wa kwanza kuambiwa, na sisi tumekuja kwako mwisho."

Mama Révérien hakulia pale pale. Aliangalia juu ya bega la Liliane. "Ameinuka," akasema. Baadaye akasema, "Ameniangalia." Baadaye tena, "Ee, Mama Liliane. Haya, nenda."

Kwenye jiwe yale maji yalikuwa yanakauka, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka pakabaki doa dogo, na doa nalo likaisha. Ndipo wale wawili wakalia, na mafuta yakaungua kwenye karai.

Jumamosi yako nyingine imepita juzi, mama. Jumapili Liliane aliamka kabla ya wote. Chini ya msumari palikuwa na kipande cha uzi na vumbi la kawaida la Kigali. Alifagia. Akafagia tena hapo hapo. Rwema akamwambia, "Pako safi, dada, acha." Akajibu, "Najua pako safi," akaendelea kufagia.

Pumzika sasa. Umekwisha kuagwa na wote.

Wanaokukumbuka ni mume wako Gakwaya Eustache, watoto wako Liliane Umulisa na Rwema, wateja wako wa Muhima, na Donatille wa Gisenyi, ambaye anasema jiwe lako hampi mtu mwingine akae.

Hatutakusahau, mama, maadamu kuna mmoja wetu anayeshika ufagio.