Tisa Tatu za Ggaba

Maalim,

Leo nimelichapisha. Lile jedwali la samaki tulilolianza pamoja, kila mwalo wa wavuvi mstari wake, kila siku safu yake.

Unakumbuka kosa langu la kwanza? Mwandishi wa mwalo mmoja aliugua siku mbili, nami nikaziacha nafasi zake tupu kwenye kadi za kutoboa za mashine ya hesabu. Mashine, kwa adabu yake ya kijinga, ikasoma utupu kuwa sifuri, na wastani wa samaki wetu wa ngege ukaporomoka. Nilingoja kukaripiwa. Wewe ukanimiminia chai, ukasema, "Binti, sifuri ni mtu aliyekwenda akakuta hakuna samaki. Pengo ni mtu asiyekwenda. Usimsingizie." Tangu hapo kila pengo nalitobolea tisa tatu, 999, alama yetu ya kutojua, na programu nimeifundisha iziruke, isizijumlishe wala isizihesabu.

Kisha wakaja wale wa gari lisilo na namba, wakakuchukua ofisini, chai yako imefika nusu. Siku ya tatu ziwa likakurudisha, pale mwaloni Ggaba. Wanaume walikwenda makaburini, mimi nikabaki nyumbani kwako na wanawake, kama ilivyo desturi yenu, nikamenya matoke huku nalia.

Fomu za wiki ile zilipofika, ya Ggaba ilikuwa tupu kuanzia siku ile uliyorudishwa. Mkuu mpya wa idara akaagiza mapengo yote yazibwe kwa wastani, ripoti ipendeze. Nikaenda kwanza kumwuliza mwandishi wa Ggaba. Akanijibu, "Nyabo, siku ile mimi hapana andika. Nani alikuwa na macho ya kuhesabu samaki?"

Nikarudi, nikaandika programu ndogo: penye namba ichape nukta, penye tisa tatu ichape nyota. Maalim, laiti ungeona. Nyota ya kwanza iko Ggaba, siku yako. Kesho yake, mialo miwili ya jirani. Siku ya nne ukingo mzima wa ziwa ni nyota, mstari kwa mstari, kwa sababu hakuna aliyetaka tena samaki wa maji yale, na waandishi hawakuwa na cha kuandika wala moyo wa kuandika. Mjini hakuna aliyethubutu kulitaja jina lako. Mashine, isiyokujua wewe wala hofu, ikayaweka yote mbele yangu. Sikujua kwamba kutojua kunaweza kuwa na umbo. Nilikaa sakafuni na karatasi yangu mpaka mwenzangu wa zamu akaja kuniinua.

Ningetia wastani, siku yako ingekuwa siku ya kawaida ya ngege wengi. Sikutia. Nilimpelekea mkuu jedwali na tisa zake, na chini nimeandika: siku hizi hatukupima. Akauliza mara moja tu tisa zile ni nini, nikamwambia. Akatia sahihi bila kuniangalia usoni. Labda naye ana mtu wake. Labda gari litanifuata kesho. Sijui, na wewe ulinifunza nisijifanye najua.

Pumzika, Maalim. Kadi za wiki yako nimezificha kwangu Namuwongo, ndani ya debe la unga, hazipati unyevu. Nakuahidi, maadamu niko hai, hakuna atakayeipa siku yako namba isiyo yake.

Binti yako wa kadi,
Nakato